Flamboya ya Mutoto Wangu

Siku ile chini ya muti tulikuwa hawa: mimi, mutoto wangu wa kwanza, mwenye nyumba hiyo ya Ibanda, hapa Bukavu, anayefanya kazi ya biro, ya ofisini, huko huko, muke wake, ambaye ananiita maman kuliko hata wale niliowazaa, mudogo wangu wa tumbo moja, aliyeolewa Kamanyola, aliyefika asubuhi na mufuko wa mihogo kwenye magoti, na shemeji yangu, mudogo wa marehemu bwana yangu, ambaye tangu kaka yake atutoke ndiye anayepewa kiti cha mbele kila jamaa inapokuwa na maneno. Wajukuu walikuwepo lakini walifukuzwa. Jirani mumoja pia alikuwepo, juu ya ukuta. Hakuitwa. Alisema anagongelea bati. Bati gani siku ya Mungu, Jumapili kisha misa?

Majina yao yote ninayo, na ya babu zao, na jina la mbuzi aliyekula kitambaa cha meza siku ya ubatizo wa mutoto wangu huyo huyo. Lakini alinisihi: "Maman, ukiandika usitie majina, batu ba kazini banasoma." Basi sitatia. Wenyewe watajijua.

Maneno yaliyotukusanya ni nyumba yangu ya Bagira, kama nitaiacha ao sitaiacha.

Nyumba ile ni ndogo, imekaa kwenye mutelemko, na mvua ikinyesha udongo wake unakuwa sabuni. Musimu mumoja wa mvua niliteleza na ndoo yangu kutoka mulango wa jikoni mpaka ndani ya kibanda cha jirani wa chini, mama mumoja aliyekuwa anasonga bugali. Nilifika nimekaa vizuri, ndoo mukononi, na maji mengine yangali ndani.

"Karibu, maman," akasema, bila kuacha mwiko. "Iko karibu kuiva."

Tulicheka mpaka moshi ukatutoa machozi. Lakini kuna mutu alimupigia mutoto wangu simu, na yeye hakucheka. Alikuja na gari lake siku ile ile, viatu vya biro ndani ya matope.

"Maman, imetosha. Utakuja kuikala kwangu. Chumba iko."

"Chumba gani?"

"Kile cha nyuma."

Cha nyuma nilikijua. Ndani kulikuwa mashini ya kushona ya mukwe wangu, na vitambaa mpaka kwenye dirisha. Kila nikipita pale mukwe alikuwa ananiambia, "Ni ya muda tu, maman," huku macho yake yanatazama kwingine. Nilimupenda sana kwa jambo hilo. Mutu akikutazama usoni na kukuambia "karibu sana" kila siku, muogope kidogo.

Na kulikuwa lingine. Shemeji yangu alikuwa na kijana wake anayetaka kuoa na hana pa kuweka kitanda. Walikuwa wamekwisha kusema, wao wanaume wawili, kwamba mimi nikitoka Bagira kijana ataingia. Tangu hapo shemeji akija kunisalimia alikuwa anaangalia dari yangu kuliko uso wangu.

Mimi sikutaka kutoka. Parseli yangu, kiwanja changu, ni pana kama shuka tu, lakini mutu akipotea mutaani anaelekezwa kwa maua yangu: "Ukifika kwa ile bugenvilia ya zambarau, kata kushoto." Nina haibiskasi badala ya ua wa miti mikavu. Nina muti wa tarumbeta, ule wa maua meupe yanayoning'inia kichwa chini na kunukia jioni, na watoto wote wa mutaa wanajua kwamba ni sumu na kwamba nina fimbo. Nikiwa mulangoni naona nani anapita kwenda misa na nani anajidai kwenda misa. Ibanda nitaona nini? Geti.

Lakini mutoto akikuogopea, humwambii tu hapana. Unatafuta njia.

Njia aliileta mwenyewe. Nyumba yake ilikuwa mupya, na mbele kulikuwa udongo mutupu, mwekundu, kama mutu aliyenyolewa. Siku moja baada ya chakula akaniuliza, kwa sababu anajua mikono yangu: tupande muti gani hapa, wa maua, wa kupendeza nyumba?

Muke wake alitaka mitende mirefu ile ya kifalme, mumoja huku na mumoja huku kwenye geti.

"Itasimama pale kama mapolisi," nikasema. "Haina kivuli, haina ua. Utaisalimia nayo haitaitika."

Mutoto wangu alitaka jakaranda.

"Jakaranda ni nzuri kwa mutu anayepita barabarani. Mwenye nyumba anaona fagio tu. Nani atafagia yale maua, wewe?"

Mukwe wangu akasema upesi, "Aah, hapana, jakaranda hapana."

"Frangipani, basi?" mutoto wangu akauliza.

"Inanukia vizuri. Lakini shemeji yangu hatakanyaga hapa, anasema ni muti wa makaburi."

Tulifikiri kidogo kama shemeji kutokukanyaga ni jambo baya. Mutoto wangu akaona maman anachoka, akasema, "Bon, maman, chagua wewe."

Hapo ndipo wazo liliniingia, nami nililiacha liingie.

"Flamboya," nikasema.

Mutu asiyejua, nimweleze. Kwa mudogo wangu, Kamanyola, kwenye joto la bonde la Ruzizi, kuna muti wa kivuli kipana kama mwavuli mukubwa wa chifu, majani madogo madogo kama manyoya ya kuku, na musimu wake ukifika unawaka wote mwekundu, majani huyaoni. Mbegu zake zinakaa ndani ya ganda refu, gumu, kama panga. Hiyo ndiyo flamboya. Mudogo wangu aliniletea mbegu zake zaidi ya mara moja. Nilizisugua kwenye jiwe, nikazilaza katika maji ya moto usiku kucha, kwa maana bila kuziumiza kidogo haziamki. Zilitoka. Halafu zikasimama, hazikukua tena. Baridi ya Bukavu haikuzipendeza. Mwaka unapita, kamuti kako pale pale, kamejikunja kama mugeni aliyekataa kuvua koti. Ua sikuwahi kuona.

Kwa hiyo nilijua ninachosema nilipomwambia mutoto wangu, kwa jina la kumubembeleza: "Papa, sikiliza. Siku flamboya itatoa maua hapa mbele ya nyumba yako, mimi nitakuja kuikala kwako. Nimesema."

Mutoto wangu akanishika mikono miwili, akafurahi kama siku alipopata diplome. Mukwe wangu akanitazama kwa muda murefu. Halafu akaenda kuosha sahani, na nilimusikia anaimba.

Lakini nilisema "flamboya" tu. Sikusema "flamboya ya Kamanyola". Kosa lilikuwa pale.

Jumamosi iliyofuata akaenda kwa mutu anayeuza miche kando ya barabara, akamuomba flamboya, na yule mutu akamupa, bila kusita, muche mwenye afya. Nilipofika siku ya Mungu ulikuwa umekwisha kupandwa. Nikainama. Nikashika jani. Jani pana, la kijani kizito, lenye mishipa. Hiyo haikuwa flamboya. Hiyo ilikuwa tulipye, ile ya maua kama vikombe vya rangi ya moto, ambayo machipukizi ya maua yake yamejaa maji na watoto wanaminya kurushiana usoni. Bukavu iko mingi, inajiotea yenyewe. Na huku kwetu mutu wa barabarani akiona muti mukubwa wenye maua mekundu anasema flamboya. Hajali jani, hajali ganda. Nyekundu ni nyekundu.

"Unaionaje, maman?"

"Ina afya," nikasema. Nayo ilikuwa kweli.

Nilinyamaza kwa hesabu yangu: ikitoa maua, nitasema hii si flamboya, na nyumba yangu itabaki salama. Nilijiona ni mwerevu kabisa.

Jambo moja tu nilimwambia kwa moyo mweupe: ausogeze mbali na ukuta na mbali na tangi la maji, kwa sababu tulipye matawi yake yanavunjika na upepo, na mizizi haiombi ruhusa. Akausogeza. Mengine niliyomwambia, sijui moyo wangu ulikuwa wa rangi gani. Nilimwambia akate kichwa chake kila mvua zikianza, "upate nguvu za chini." Akakata, maskini, kwa upole, kama anayenyoa mutoto.

Mukwe wangu akanikuta siku moja jikoni.

"Maman, papa wa batoto anasema ni wewe ulimufundisha kukata kichwa cha muti."

"Njo vile."

"Kwetu baba alikuwa anakataka miti ya uzio tu. Muti wa maua hakuwa anagusa kichwa. Anasema ukikata kichwa, maua inachelewa."

"Baba yako alikuwa mutu wa akili."

"Najua, maman," akasema. "Nikuongeze chai?"

Akaniongezea, akarudi katika chumba cha nyuma, na mashini ya kushona ikaanza kulia tena.

Tulipye haikusikia maneno yangu. Unaikata kichwa, inatoa vichwa vingine. Ilikua kama inakimbizwa. Ikapita dirisha, ikapita paa la jirani. Na asubuhi moja simu yangu ikalia nikiwa napalilia.

"Maman! Flamboya imepasuka!"

"Imepasuka nini, tawi?"

"Maua, maman! Nyekundu! Njoo uone! Nimekwisha kununua kitanda!"

Jembe likanitoka mukononi.

Ndipo tukaitana. Mimi nilimuita mudogo wangu kutoka Kamanyola kama shahidi. Mutoto wangu akamuita baba yake mudogo kama mwamuzi. Viti vya plastiki vikapangwa chini ya muti, vikombe vya maua vimeanguka kila mahali, na muti wenyewe juu yetu mwekundu, hauna habari.

Shemeji akakohoa. "Shemeji, mutoto anasema uliahidi."

"Niliahidi. Siku flamboya itatoa maua. Hii si flamboya. Hii ni tulipye."

"Ati nini?" mutoto wangu akaruka.

Mudogo wangu akasimama, akaokota ua moja, akalizungusha mbele ya macho yao kama anayeuza samaki, akiniuliza mimi yaya wake, mukubwa wake. "Batoto banachezea jina la flamboya, yaya? Flamboya iko na ganda kama panga. Hii ganda yake iko wapi? Muje Kamanyola niwaonyeshe flamboya. Hii kwetu hata kivuli hatuombi."

"Tantine, siko nauliza Kamanyola," mutoto wangu akamwambia mama yake mudogo. "Niko nauliza Bukavu."

Shemeji akainua kichwa kuelekea ukuta. "Wewe wa bati! Huu muti batu banaita nini?"

"Flamboya!" jirani akajibu haraka, bila kujifanya hakuwa anasikiliza. "Kila mutu anajua, muzee!"

Kijana aliyekuwa anapita na kadi za simu nje ya geti naye akaulizwa. "Flamboya," akasema. "Kwani imekuwa nini?"

"Watu wote wa barabara wanaweza kukosea pamoja," nikasema. "Jina la muti ni jina la muti."

Mutoto wangu akasimama. Akatoa simu yake, akatafuta, akatafuta, halafu akamupa baba yake mudogo. Ilikuwa foto ya arusi yake, yeye na muke wake karibu na ziwa, chini ya muti mukubwa, nyuma yao nyekundu tupu.

"Baba, muulize maman nani alitutuma pale kupigwa foto. Muulize alisema tuende chini ya nini."

Nilikumbuka vizuri. Mimi ndiye niliyewasukuma ndani ya gari, kilemba changu kinaanguka, nikipiga kelele mbele ya wageni wote: "Muende kwa ile flamboya ya kando ya maji, jua lingaliko!" Na ilikuwa tulipye. Miaka yote nilikuwa ninasema flamboya kama kila mutu, mpaka siku jina lile lilipotaka kuchukua nyumba yangu.

Mukwe wangu alikuwa anaangalia kucha zake.

"Shemeji?" shemeji akasema.

"Nilisema flamboya," nikajibu.

"Basi." Akanyoosha mugongo. Nilimuona anaona kitanda cha kijana wake tayari ndani ya nyumba yangu. "Muti iko na jina ambalo batu banaita. Neno ni vile batu banalisema. Hata wewe ulilisema. Imeisha."

Mudogo wangu akanishika bega. Jirani akaacha kugonga. Na mimi, niseme ukweli, nilijua nimeshindwa, nikavuta kiti kilichokuwa karibu, nikakaa. Ndipo, nikiwa nimekaa, niliona kwamba nimekaa.

"Shemeji, urudilie," nikasema. "Neno ni vile watu wanalisema?"

"Njo vile."

"Nami niliahidi nini? Sema neno lenyewe."

"Kwamba utakuja kuikala kwake."

"Bon." Nikaweka mikono juu ya magoti. "Nimekuja. Na sasa muniangalie vizuri, wote. Niko nafanya nini?"

Nikageukia ukuta.

"Wewe wa bati! Niko nafanya nini?"

"Unaikala, maman!" jirani akapiga kelele, na karibu aanguke.

Mudogo wangu ndiye alianza kucheka, kisha mukwe wangu, amejifunika uso na kitenge. Shemeji alijaribu kukasirika. Akasema, "Hapana, hapana, kuikala ya namna hiyo haiko kuikala ya..." na akatafuta neno lingine, na hakuna, kwa maana mutu akiuliza "unaikala wapi" na mutu akisema "ikala kwenye kiti" ni neno lile lile, na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuhukumu. Akacheka mpaka akaomba maji.

Mutoto wangu peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama, simu mukononi, na foto ya arusi ingali inawaka.

"Maman," akasema polepole, "ukianguka tena, na ile jirani haiko anapika, nani atasikia?"

Kicheko kikakatika. Neno la kuikala sikulichezea tena. Nilimuona kama alivyokuwa mudogo, akinisubiri mulangoni nikichelewa sokoni, amekasirika kwa sababu ya woga.

"Basi nitengenezee pale ninapoangukia, papa," nikasema. "Kunitoa nyumbani si kutengeneza mutelemko."

Akaweka simu mufukoni. Akasema, "Ngazi za mawe. Na chuma ya kushika, mpaka jikoni."

"Na mpaka chooni," mudogo wangu akaongeza.

"Na mpaka chooni."

"Na kijana wangu?" shemeji akauliza.

"Kijana wako ana baba," nikamwambia. "Na wewe una chumba."

Mukwe wangu alikuwa amekwisha kuleta chai. Alinipa mimi kwanza, kabla ya shemeji, jambo ambalo halifanywi. "Mwenye kuikala anywe," akasema.

Ngazi zilitengenezwa. Ninazipanda kila siku, na chuma naishika, nikiwa peke yangu ama nikiwa na ndoo. Kijana wa shemeji ameoa; wanaikala kwa baba yake, na nasikia shemeji sasa anaenda misa ya kwanza na ya pili ili apate utulivu.

Jambo moja sikulihesabu. Flamboya ya kweli ina musimu wake: inawaka, inazimika, unaisahau. Tulipye haina adabu hiyo. Hapa Bukavu ni vigumu kupata siku usione kikombe kimoja chekundu juu yake. Mutoto wangu aliligundua kabla yangu. Kila siku ya Mungu, kisha misa, gari lake linasimama kwenye bugenvilia na anatoa kichwa dirishani.

"Maman, imetoa maua."

"Nyingi?"

"Moja. Lakini uliahidi."

Nami ninavaa kitenge, naenda kuikala. Wananiletea chakula pale pale chini ya muti, wajukuu wananirushia maji ya machipukizi, na mutoto wangu anavuta kiti chake karibu na changu, na anavua viatu vya biro. Jioni ananirudisha Bagira. Kitanda alichonunua kiko katika chumba cha nyuma, na juu yake kuna vitambaa.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Mudogo wangu anasema si yeye aliyeanza kucheka, ni mukwe. Mukwe anasema ni mudogo wangu. Na jirani anadai kwamba kweli kulikuwa bati. Mwenye kujua vingine, ama mwenye kuona kwamba nimechanganya nani alisema nini, aje anirekebishe, sitakasirika sana. Na kama kuna anayejua njia ya kuipa flamboya ya Kamanyola maua hapa kwangu Bagira, katika baridi hii yetu, huyo aje mapema kuliko wengine, na mutoto wangu asijue.